Mfuko wa Meno ya Dada

Dada yangu alikuwa na vitu viwili vya kujivunia: meno ya bandia na mdomo wa kuyatumia. Meno alitengenezewa baada ya yake kumkimbia. Mdomo alizaliwa nao. Na aliyekuwa jiwe la kunolea mdomo huo maisha yote ni mimi mdogo wake, fundi cherehani wa hospitali.

"Wenzake wanashonea maharusi," aliwaambia wageni mbele yangu. "Huyu anashonea watu wasiojua hata wamevaa nini."

Alisema kweli. Nashona magauni ya wagonjwa, yale ya kufunga kamba mgongoni, yanayomwacha mtu mzima makalio nje. Chumba changu kiko nyuma ya chumba cha kufulia, na dirisha lake linatazama ukuta. Binti yangu amenisihi sana nikae nyumbani, kula kwangu na kuvaa kwangu anakumudu. Huwa namjibu kwamba nikikaa nitaanza kumchunguza mumewe.

Sababu yenyewe sikumwambia; ni dada tu niliyewahi kumdokezea, akaiita upuuzi. Ni mfuko. Zamani nilipeleka mashuka wodini, nikamkuta mama mmoja amelala huku amekaza ngumi. Nesi alipovifungua vile vidole, ndani mlikuwa na hereni. Hakuwa na pa kuziweka. Tangu hapo kila gauni nalitia mfuko mdogo kwa ndani, upande wa moyo. Hakuna aliyeniagiza wala aliyenishukuru, na sikujua kama kuna anayeutumia.

Msimamizi mpya, tuliyemwita Bwana Pasi kwa jinsi suruali yake ilivyonyooka, aliligundua jambo hilo siku mashine ya kufulia ilipomeza kitana na miwani, ikakohoa maji hadi kwenye viatu vyake.

"Bibi, kuanzia leo hakuna mifuko. Mgonjwa hana safari."

"Sawa, baba," nikasema. Nikaendelea kushona, ila mshono nikauficha vizuri zaidi.

Kisha dada akalazwa, mapafu yamejaa maji. Walipotaka kumvalisha barakoa ya hewa, wakamwambia atoe meno. Akajifunika shuka mpaka puani.

"Yaweke kwenye kikombe," nikamwambia.

"Kikombe! Cha huyu jirani yangu kilibebwa na wafagizi, na meno yake ndani. Tazama anavyokunywa uji."

Nikamwongoza mkono hadi ndani ya gauni. Akapapasa.

"Ndio ule upuuzi wako?"

"Ndio huo."

"Mdogo kama akili yako." Lakini aliyafunga meno kwenye leso, akayatia, akayafunika kwa kiganja. "Sikiliza. Nikienda, nirudishie mdomoni kabla watu hawajaniona. Ukiniacha nizikwe kibogoyo nitakutokea, na sitakuja kwa amani."

"Lini uliwahi kuja kwa amani?"

"Ahidi, wewe!"

Nikaahidi.

Alikata roho asubuhi, mimi nikiwa kwenye cherehani. Nilipofika walikuwa wameshamvua gauni na kumfunika. Nikafunua uso. Mashavu yalikuwa yamezama, midomo imejikunja ndani, dada yangu ambaye hata marehemu mumewe hakuwahi kumwona hivyo.

"Gauni lake liko wapi?"

"Limeshuka kwa dobi, bibi," nesi akasema.

Nikakimbia. Mwenye magoti kama yangu akikwambia alikimbia, mwamini nusu. Dobi alikuwa ameanza kuilisha mashine. Nikajitupa juu ya rundo lililobaki, linanuka jasho na dawa, nikaanza kutia mkono mfuko baada ya mfuko. Kitufe. Picha ya mtoto. Mkufu uliokatika. Kipande cha mkate. Kishungi cha nywele nyeupe kilichofungwa uzi.

"Vitu hivi ni vya kila siku?" nikamuuliza dobi.

"Kila siku. Tunatoa ndoo nzima, ndugu zao wanakuja kuchagua."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuuliza?"

Ningekaa pale nikalia, lakini mashine ilikuwa ikinguruma na sikujua imemeza nini. Gauni la dada lilikuwa chini kabisa. Leso ilikuwamo, na meno ndani yake, mazima.

Nikarudi mbio. Nikakuta taya limeshakakamaa. Nilijaribu, nikajaribu tena, mpaka nesi akanishika mkono. "Mwache, bibi. Utamuumiza." Kumuumiza! Lakini nikamwacha.

Nyumbani, kabla wanawake hawajamaliza kumwosha, nikaivuta sanda, nikaanza kushona kwa mkono.

"Mfuko kwenye sanda?" wifi yangu akamaka. "Umerukwa na akili? Anabeba nini huko?"

"Meno. Akifika atajua mwenyewe pa kuyatia."

Hakuna aliyecheka. Mtu pekee ambaye angecheka alikuwa amelala mbele yetu, na mdomo umefungwa.

Matanga yalipokwisha, binti yangu akaniuliza, "Mama, sasa utapumzika?" Nikavaa viatu, nikaenda kazini.

Bwana Pasi alikuja kunipa pole. Akasimama mlangoni, akakiona kitambaa mezani.

"Mfuko uleule, bibi?"

"Uleule."

Akainamisha kichwa. "Mwezi ujao tunaletewa magauni ya kiwandani. Hayana mifuko, na chumba hiki kitakuwa stoo."

"Basi ya mwezi huu ni yangu," nikasema.

Alipoondoka nikamaliza gauni la kwanza, nikatia mkono mfukoni kupima. Vidole vinne vikaenea. Mfuko ulikuwa mtupu, kama inavyotakiwa gauni likitoka kwangu. Nikachukua la pili.