Kadi Chini ya Meza

Mtaani walimwita Mama Funguo ingawa hakuwa na mtoto hata wa dawa. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu, na ndani yake mlikuwa na mashine ya kuchongea funguo, stuli mbili, na kibao alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe: HATUCHONGI UFUNGUO BILA MWENYE MLANGO. Wateja walikisoma, wakanung'unika, wakaenda kumleta mwenye mlango. Katika miaka kumi na minne alikuwa amekikiuka kibao chake mara moja tu, na mara hiyo moja ndiyo iliyomkaa kooni asubuhi aliyotakiwa kwenda kutoa ushahidi mahakamani.

"Vaa lile gauni la bluu," mama yake alimwambia. "Na kitabu ukipewa kishike. Hakichomi."

"Mama, hili tulishaliongea."

"Tuliliongea, hatukulimaliza. Mambo ya imani yako mtajuana na Mungu mwenyewe, mimi nimechoka. Lakini hakimu akiona huapi kama watu, atakuamini kwa lipi? Na mwenzio yuko rumande mwezi wa pili huu."

Mama alijua pa kubonyeza. Huyo mwenzio alikuwa mlinzi wa duka la rangi lililotazamana na kibanda, mtu wa salamu ndefu na chai ya kugawana. Alishtakiwa kwa kuvunja stoo aliyokuwa akiilinda na kuiba makopo ya rangi. Kufuli lilikutwa chini, limekatwa kwa msumeno. Wakili wake, kijana mwenye koti la kuazima, alimpeleka Mama Funguo polisi akaliangalie, naye hakuhitaji hata dakika moja kujua kwamba walikuwa wamemkamata mtu asiye na hatia.

Dini aliiacha zamani, bila kugombana na mtu wala kupiga tarumbeta. Hadi leo humsindikiza mama yake kwenye ibada kila wiki, akamsubiri nje kivulini.

"Nikishika kitabu nisichokiamini," alisema, akifunga vifungo vya gauni la bluu, "neno langu la kwanza kwa hakimu litakuwa uongo. Halafu nimwombe aniamini la pili?"

Mama alikitia kitabu chake mkobani, akavuta zipu kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akatangulia kutoka.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, na feni ilizunguka kwa kujilazimisha. Mlinzi alikaa kizimbani, shati limempwaya. Karani akaja na vitabu viwili, kimoja kila mkono.

"Kipi?"

"Sina hata kimoja. Naomba kuthibitisha tu, bila kuapa."

Karani alimtazama kana kwamba ameagiza kitu kisichouzwa pale. Hakimu akainua macho. "Ipo kadi ya uthibitisho. Itafute."

Karani alifungua droo, akapekua mafaili, akapiga magoti. Kadi ilipatikana ikiwa imekunjwa mara nne chini ya mguu wa meza ya hakimu, ili meza isicheze. Watu wakacheka. Mama Funguo aliona aibu ikimpanda hadi masikioni, na kule nyuma mama yake akainamisha kichwa. Mama Funguo akaikunjua kadi, akapangusa vumbi, akasoma: "Nathibitisha kwa dhati kwamba ushahidi nitakaoutoa utakuwa wa kweli, kweli tupu, na kweli yote."

Maneno mawili ya mwisho yalimtoka kwa shida.

Habari za kufuli alizieleza vizuri. Alilishika mkononi, akaonyesha. "Hapa palipokatwa, kufuli likiwa limefungwa, panakuwa ndani ya tumbo lake. Msumeno haufiki. Aliyelikata alilifungua kwanza kwa ufunguo, kisha akalikata ili ionekane limevunjwa. Ni kosa la mtu asiyejua kufuli."

Wakili wa mlinzi alitabasamu. Mwendesha mashtaka akasimama bila haraka.

"Shahidi, wenzako wanamwogopa Mungu. Wewe unaogopa nini?"

"Sijui nikujibuje, mheshimiwa. Niulize kuhusu kufuli."

"Haya. Mwenye duka ametuambia ufunguo ni mmoja tu, wake. Kwa hiyo mlinzi aliuiba, akafungulia, akaurudisha. Au sivyo?"

"Kwamba kufuli lilifunguliwa kwa ufunguo, hilo nalijua. Kwamba aliuiba, silijui."

"Inatosha. Sina swali lingine."

Tabasamu la wakili lilikauka. Hakimu akamwambia anaweza kushuka. Mlinzi alimtazama kwa upole, kama mtu anayemshukuru mwenzake kwa kujaribu, na huo upole ndio uliomshinda. Angeweza kushuka. Hakuna aliyemuuliza. Lakini kadi ilikuwa bado mkononi mwake, na ile kweli yote hakuna aliyemlazimisha kuitamka, aliiomba mwenyewe.

"Mheshimiwa hakimu, sijamaliza. Ufunguo wa pili upo. Niliuchonga mimi."

Hakimu akashika tena kalamu.

"Wiki tatu kabla ya wizi alikuja shemeji wa mwenye duka na ufunguo wa stoo. Akasema ametumwa, ana haraka. Foleni ilikuwa ndefu, nami nikamchongea bila kuuliza, na kibao kiko juu ya kichwa changu. Sikumwambia hata wakili. Niliona haya. Kila ufunguo ninaouchonga huukwaruza kwa tupa mara mbili shingoni, ndiyo alama yangu. Mkiupata mtaujua."

"Unafahamu kwamba unajiharibia kazi?" mwendesha mashtaka aliuliza.

"Nafahamu. Ndiyo maana niliomba moyoni usiniulize. Na kweli hukuniuliza."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu, meza ikiyumba kila alipofika mwisho wa mstari. Kisha akaamuru polisi waende kwa huyo shemeji siku hiyohiyo.

Walipokaribia mlango wa nyumbani, mama akasema, "Ile kadi waliikanyagishia meza."

"Ndiyo, mama."

"Si vizuri. Kitu ambacho mtu anakitolea neno lake hakiwekwi chini ya meza." Akaufungua mkoba, akatoa kitabu chake, akakipangusa kama kadi ilivyopanguswa, na kabla ya kuingia ndani akamshika bintiye mkono na kuubana.

Ufunguo wenye alama mbili shingoni ulipatikana kwa shemeji, na mlinzi akaachiwa. Wiki mbili kibanda kilikaa bila wateja, na Mama Funguo alifagia sakafu ambayo haikuwa na takataka. Wa kwanza kuja alikuwa mlinzi, ameshanyoa, ana ufunguo mkononi.

"Mke wangu alibadilisha kufuli la nyumbani nilipokuwa ndani. Nichongee na mimi wa kwangu."

Mama Funguo aliupokea, akaugeuza.

"Mlango ni wako?"

Mlinzi alikitazama kibao, kisha akamtazama yeye. Hakucheka. "Ni wangu," alisema. "Funga kibanda, twende ukauone."

Akafunga kibanda, wakaenda.