Matofali ya Isakwisa

Shule yetu ya misheni, huku milimani juu ya Mbeya, hawakuijenga mapadri. Tuliijenga sisi. Mwaka 1952 kila kaya ilifyatua matofali mia tatu, na kila mtu akatia alama yake udongo ukiwa bado mbichi, ili mvivu ajulikane. Kaka yangu Isakwisa alibonyeza vidole viwili. Alikuwa ameshaanza kukohoa, lakini aliyamaliza yote. Mwaka uliofuata tukamzika.

Kwetu mjane hatupwi. Nilimrithi Atuganile, mke wa kaka, pamoja na binti yake Sekela. Mke wangu alinuna mwezi mzima, kisha akamgawia mwenzake nusu ya shamba la viazi. Aliyekataa ni Padri. Alininyima komunyo mbele ya watu. Nikarudi kukaa. Kanisa ni lake.

Januari 1955 Sekela alirudi kutoka shuleni kabla umande haujakauka.

"Mwalimu kasema nisije tena mpaka mama aondoke kwako."

"Kasema yeye au Padri?"

"Padri kaandika barua."

Mimi niliishia darasa la pili, barua zinanichosha. Nilichukua mtaimbo, nikashuka naye shuleni.

Matofali ya kaka yalikuwa chini ya dirisha la darasa la kwanza. Yalishikwa kwa udongo tu. La kwanza lilinisumbua, la pili likaja lenyewe. Niliyapanga kwenye majani bila kuvunja hata moja.

Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni alisimama njiani.

"Anania, unabomoa nyumba ya Mungu?"

"Ya Mungu ni ile yenye msalaba. Hapa nachukua vitu vya kaka yangu."

"Umerukwa na akili."

"Basi pita upande ule, lisikuangukie."

Mwalimu Liberatus alitoka mbio, chaki mkononi. "Baba Sekela, kuna watoto ndani."

"Watoe."

"Nitafukuzwa kazi."

"Barua hukuandika wewe. Lakini kuikataa pia hukuikataa."

Alinitazama, akalitazama tundu ambalo sasa mbuzi angepita. Akarudi ndani, akawatoa watoto, akautoa na ubao, akauegemeza kwenye mkaratusi. Watoto wakakaa kwenye majani. Sekela alibaki amesimama peke yake. Liberatus akamwambia, "Na wewe kaa. Hapa nje sijakatazwa."

Padri alifika saa nne kwa pikipiki, kanzu ina matope mpaka magotini.

"Anania, weka chini hicho chuma."

"Yamebaki machache, Baba. Nikimaliza nitaweka."

"Hii ni mali ya misheni."

"Sekela umemfukuza. Basi na matofali ya baba yake yaondoke. Hayawezi kuwakinga mvua watoto wa wenzake, wa kwake ananyeshewa."

"Unaishi katika dhambi na wanawake wawili."

"Ninaishi nao, ndiyo. Uliponinyima komunyo, ulinisikia nalalamika? Niadhibu mimi, hata mpaka kaburini. Huyu mtoto hajaoa mtu."

Watoto walicheka. Liberatus akageukia ubao akaanza kufuta mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Mfukuze mama yake," alisema Padri, "na mtoto ataingia leo hii."

"Simfukuzi. Si leo, si Pasaka."

Nikachomeka mtaimbo tena. Udongo ukaanza kumwagika kutoka chini ya dirisha. Mlima Loleza ulikuwa umeshafunikwa na mawingu, na upepo wa mvua ulikuwa unatufikia. Padri aliyatazama yale mawingu, kisha akawatazama watoto sitini waliokaa kwenye majani.

"Rudisha ukuta," alisema.

"Ataingia nani?"

Sikusogea. Matone ya kwanza yalipoanza kupiga mabati ndipo akasema, "Wote."

Nilikanyaga udongo, nikaanza kujenga huku mvua inaninyeshea mgongoni. Ndani, Liberatus aliita majina upya kutoka mwanzo.

"Sekela Isakwisa."

"Nipo."

Padri alikuwa mlangoni. Nilishika tofali bila kuliweka, nikasubiri aseme neno. Alipiga pikipiki teke, akaondoka na mvua yake.

Miaka mitatu imepita, komunyo bado sijapokea. Atuganile yuko kwangu. Jumapili tunaingia kanisani wote, tunakaa mbele.