Safari ya Inchi Thelathini na Moja

Mtaa mzima ulimwita Fundi Ijumaa, na si kwamba alizaliwa siku hiyo. Ukimpelekea suruali Jumatatu, njoo Ijumaa. Ukimpelekea Alhamisi jioni, njoo Ijumaa, ila Ijumaa ipi hasemi. Mkewe, mpishi wa shule anayesonga ugali wa watoto mia nne, naye alikuwa na Ijumaa yake, iliyoitwa "mwakani". Mwakani, fundi humwahidi, nitakupeleka mji mkuu ukapande lifti. Huu ulikuwa mwaka wa tisa.

Mke hakutaka makubwa. Huko kulikuwa na jengo la ghorofa ishirini na mbili, na juu kabisa pana roshani ambapo unalipa kiingilio, unasimama, unauona mji wote kwa mpigo. Maisha yake yote mpishi aliangalia chini: ndani ya sufuria, ndani ya jiko, ndani ya ungo. Alitaka, walau mara moja, aangalie chini akiwa juu.

Safari hii shule ilikuwa imefungwa, na bahasha ya safari imeshiba kidogo. Ilitosha nauli ya kwenda na kurudi, kulala usiku mmoja, na chakula cha kujibana. Baada ya hapo ilibaki ama kiingilio cha ghorofani ama nauli za kuzungukia mjini. Vyote viwili, hapana.

"Nauli za nini? Tutatembea," fundi alisema, akitandaza ramani kwenye meza ya kukatia, kati ya pasi na mkasi. Ramani yenyewe aliikuta kwenye mfuko wa suruali ya mteja, na mteja akamwachia. Akauvua utepe wa kupimia shingoni. "Njoo ujionee, mke wangu. Gesti yetu hii hapa, jengo lako lile pale. Inchi nne! Inchi nne ni kitu gani? Hata upindo wa gauni la bibi harusi unazidi."

Wifi mtu, dada mdogo wa fundi, alikuwa mlangoni akishona vifungo. Hakuinua kichwa. "Kaka, na makumbusho?"

"Inchi saba."

"Bustani ya wanyama?"

"Tisa na robo."

"Soko la vitambaa?"

"Ah, lile..." Sauti ya fundi ikalainika kama hariri. Akapima, akaongeza na sanamu la njia panda, akajumlisha mizunguko yote ya siku mbili. "Thelathini na moja! Haifiki hata yadi moja!"

"Yadi nzima kwa siku mbili," wifi akasema. "Msije mkavimba miguu."

Mpishi alicheka, kisha akaacha kucheka. "Baba, inchi moja ya hapo mezani ni mwendo gani huko chini?"

"Huwa wanaandika pembeni."

Pembe ya kulia haikuwepo. Ilikuwa imekatwa, tena kwa mkato ulionyooka.

"Panya," fundi alisema haraka.

"Panya mwenye mkasi," wifi akajibu. Akainuka hadi kwenye msumari ukutani, zilipotungikwa karatasi za kukatia, akachomoa moja yenye umbo la mfuko wa shati. Akaigeuza. "Inchi moja, kilomita moja na nusu."

"Karatasi ilikuwa ngumu, nzuri," fundi akajitetea. "Mifuko sita imetoka humo."

Mtu anayegawia watoto mia nne hahitaji kalamu. "Kilomita arobaini na sita na ushei," mpishi alisema. "Mume wangu, unanipeleka matembezi au jeshini?"

Wifi alicheka hadi vifungo vikamwagika. Fundi hakucheka. Aliikunja ramani polepole. "Basi, labda mwa..."

"Hilo neno usilimalize."

Mpishi akaikunjua ramani tena. "Mteja akikuletea kitambaa kifupi, unamrudisha nyumbani?"

"Namrudishaje? Nampunguzia mtindo."

"Nipe chaki."

Akachora duara kuzunguka jengo lake, inchi moja kila upande. Gesti ya mwanzo ikabaki nje, lakini ndani kulikuwa na nyingine, namba yake ya simu imeandikwa kando. Wifi akaipigia simu palepale: chumba kipo, bei ileile, bafu la kushirikiana. Makumbusho, nje. Wanyama, nje. Sanamu limesimama miaka yote, halitakimbia. Soko la vitambaa lilikosa kuingia duarani kwa unene wa uzi, na fundi alikuwa akiutazama uzi huo kama mtu aliyefungiwa mlango.

Mpishi alimwona. Akairudisha chaki kwenye ramani, duara likatoa kitambi kidogo upande wa soko.

"Hiyo nini?" fundi akauliza.

"Nafasi ya mshono. Si umenifundisha mwenyewe? Tunaondoka Ijumaa asubuhi."

Kabla hajajibu, dereva wa lori aliingia na suruali begani. "Fundi, zipu imekufa. Nije lini?"

"Ij..." mdomo ulianza wenyewe. Wanawake wawili wakamgeukia. Akalitazama lundo la nguo, akaitazama ramani.

"Alhamisi," alisema, na tayari alikuwa akitunga uzi kwenye sindano.

Dereva alisogea, akamchungulia usoni. "Shemeji," akamnong'oneza mpishi, "huyu mmempeleka hospitali?"