Mama Pettway Alipopiga Makofi

Asubuhi ile ya Jumamosi Vernell Tolliver alikuwa ameketi mbele ya meza ndefu, akimsikiliza bosi wake akimpima mtu kama mbuzi wa mnadani. Mtu mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ghorofa ya chini, jasho linamtoka, anatupa mpira kikapuni, hajui hili wala lile.

"Javaris Pettway," alisema Gil Rasmussen, meneja mkuu wa timu, kidole kwenye skrini. "Ana nguvu. Anadaka kila mpira unaogonga ubao. Hachoki. Lakini kutupa kwa mbali, hamna kitu. Wale wa Seattle wako tayari kutuachia Kuiper wao. Kuiper akitupa kutoka mbali, wavu unaitika. Tubadilishane, mmoja kwa mmoja. Haya, semeni."

Wakasema. Mmoja akasema huyo Kuiper ana mgongo mbovu. Mwingine akajibu kwamba mgongo mbovu unaoleta pointi ni bora kuliko mgongo mzima usioleta. Wakacheka, ha ha ha, chai mkononi. Vernell hakucheka. Alikuwa kocha msaidizi, na ndiye aliyemfundisha Javaris tangu siku alipoletwa Pittsburgh, mwembamba, hajui hata kufunga vifungo vya koti la baridi.

"Yule ndiye roho ya timu," akasema. "Mkimtoa mtajuta."

"Roho haifungi pointi tatu, Vernell."

"Ndiyo kwanza amemleta mama yake kutoka Alabama. Wiki hii hii!"

Rasmussen hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alivua miwani akajifuta macho. "Pole yake," alisema, na alimaanisha. "Lakini nikianza kuwafikiria mama za wachezaji, timu hii imekufa. Leo naongea na Seattle mpaka kieleweke. Na neno lisitoke humu ndani. Likitoka, Seattle watakimbia, na aliyelitoa akatafute kazi pengine."

Neno lisitoke! Vernell alitamani ardhi ipasuke immeze. Maana nani aliyemwambia yule kijana amlete mama? Ni yeye huyu huyu, kwa kinywa chake. Majani ya miti yalikuwa yameanza kupukutika siku Javaris alipomwuliza, "Kocha, we' waonaje, nimlete? Mgumu kweli yule, hataki kuliacha kaburi la mzee." Naye Vernell, mjuaji wa wajuaji, akajibu, "Mlete bwana. Wewe huendi popote." Jamani! Kocha msaidizi anamwahidi mtu kubaki, kwani timu ya baba yake? Wachezaji wa ligi ile hubadilishwa pasipo kuulizwa, mtu analala mji huu anaamka mji ule, na Vernell analijua hilo kuliko wengi. Lakini ulimi hauna mfupa.

Akashuka ngazi kichwa chini. Na nani akawa anamngoja pale chini kama si Mama Odessa Pettway mwenyewe! Kofia ya kanisani kichwani, koti jipya limembana, mikononi pai ya viazi vitamu iliyofunikwa kitambaa.

"Kocha! Njoo hapa, we' mtu wa mifupa. Mkeo hakupi chakula?"

"Ananipa, mama."

"Muongo wewe. Shika. Na usiwaonyeshe wale wenzio warefu, watailamba mpaka sahani." Kisha akashusha sauti. "Nina jambo. Mpwa wa mchungaji wetu anaitaka nyumba yangu kule nyumbani. Anataka jibu leo. Javaris ananiambia uza, mama, acha kuishi mguu ndani mguu nje. Lakini mtoto ni mtoto, husema anachokitaka. Wewe ni mtu mzima. Niuze?"

Pai ilikuwa bado ya moto. Vernell aliikodolea macho kana kwamba jibu lilifunikwa mle. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: usiuze. Neno moja tu. Lakini angelisema, mama angeuliza kwa nini, angemwambia mwanawe, mwanawe angemwambia wakala wake, na kabla ya chakula cha mchana nchi nzima ingejua. Na Vernell naye alikuwa na watoto shuleni. Aliogopa. Tusimpambe, aliogopa.

"Si haraka, mama," akasema. "Ngoja ngoja kidogo. Hata wiki hivi."

"Wiki! Mnunuzi hangoji wiki, baba." Akamtazama usoni. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Sasa?"

"Nyumba ni nyumba, mama. Haiachwi kwa pupa."

Mama Pettway akaangua kicheko, akamtwanga kofi la bega. "Mungu wangu, unasema kama marehemu mume wangu! Woga mtupu. Yule aliogopa hata lifti." Akaenda zake anacheka. Vernell akabaki na pai yake, mtu mzima hovyo.

Mechi ilianza alasiri, na Javaris alicheza kama aliyepandwa na shetani. Kila mpira uliogonga ubao ulikuwa wake. Watu wakawa wanaliimba jina lake. Vernell, pale benchi, akaanza kujipa moyo. Nani atamwacha mtu wa namna hii? Wamwone, aliomba kimoyomoyo, ee Mungu, wamwone. Akatazama juu kwenye kiti cha Rasmussen. Kilikuwa kitupu.

Robo ya tatu ikiendelea, mtu akaja akamnong'oneza kocha mkuu. Kocha mkuu akamgeukia Vernell bila kumtazama machoni.

"Mtoe."

"Sasa hivi? Si unaona anavyowaua?"

"Wamekubaliana. Akiumia hapa, biashara imevunjika. Mtoe, Vernell."

Kuita mabadiliko ilikuwa kazi yake. Angekataa, mwingine angeita, na Javaris angetoka vile vile. Akanyanyua mkono.

Javaris akaja mbio mbio, anahema. "Nimekosa nini, kocha?"

"Hujakosa kitu."

"Sasa?"

Vernell akamsogelea. Akamkumbatia tu. Na hapo Javaris akaelewa, maana katika ligi ile mchezaji mzima akitolewa katikati ya mechi kisha akakumbatiwa, huyo ameshaondoka, hata mtoto wa shule anajua. Thad, lile jitu linalocheza katikati, akainuka machozi yakimlengalenga, akamkumbatia. Wakafuata wengine, mmoja mmoja. Nyimbo zikakatika. Uwanja mzima ukawa kimya.

"Wapi?" akauliza Javaris.

"Seattle."

"Seattle..." Kisha akashtuka. "Mama!"

Wakageuka wote wawili. Miaka yote Mama Pettway alikuwa akizisikiliza mechi za mwanawe redioni, jikoni kwake, na redio haionyeshi watu wakikumbatiana. Alikuwa amesimama, mstari wa nyuma ya benchi, peke yake kati ya maelfu, mikono juu ya kofia, anapiga makofi. Machozi ya furaha yanamchuruzika. Katika kimya kile makofi yake ndiyo yaliyosikika.

"Mbarikiwe!" alipiga kelele. "Mkumbatieni, wanangu, mkumbatieni! Kocha, ulimwambia kweli haendi popote, hapa wanampenda! Javaris! Nimeshampigia yule bwana, mwanangu! Nimemwambia nyumba achukue! Sirudi tena!"

Mwanamke wa kiti cha pili, mshabiki wa siku nyingi, akamshika mkono taratibu. "Keti, dada," akamwambia. "Keti kwanza."

Mama Pettway hakuketi. Alikuwa bado anampigia makofi mwanawe.