Masikio Yaliyokatwa

Docteur Kanyere hakuwa mtu wa kuona kinyaa. Miaka ishirini alikuwa akiingiza mkono hadi kwapani ndani ya ng'ombe, akautoa na mavi na kondo la nyuma lililooza, kisha ananawa na kula fufu yake kama kawaida. Kinyaa kilimshika siku ya mahari ya Abigaïl, binti ya kaka yake, hapo uani Butembo, mbele ya wakwe na viti vya kukodi.

Katika ukoo wao shangazi ndiye hupokea mbuzi. Wakwe kutoka Kirumba walileta majike kumi na wawili, wanono, wameogeshwa kwa sabuni. Msemaji wao, mzee Lusenge, akamkabidhi kamba huku akiwasifu utadhani yuko sokoni. Kanyere akashika sikio la wa kwanza. Limekatwa ncha, kidonda bado kibichi. La wa pili vilevile. Kwa wa nne mkataji alikuwa na haraka, kipande chekundu cha plastiki kikabaki kinaning'inia, na juu yake namba 17, kwa mwandiko wake Kanyere mwenyewe.

Akafuta vidole kwenye kitenge chake.

Sasa, ili mjue alichokiona. Kwa miaka minane huyu mama alizunguka Musienene akitafuta kwa nini mbuzi hawazai. Alipima damu, alipima jike mmoja mmoja. Aliyezaa akamtia kipande cha njano sikioni, tasa akamtia chekundu, akawaambia wenyewe: hawa wekundu pelekeni machinjioni. Madume hakuwapima. Kila mwenye boma alimwambia, "Dume yetu iko muzima, Docteur," naye akaandika hivyo hivyo. Utafiti huo ulimpa jina, ulimpa bureau, ofisi yake mwenyewe, ulimrudishia heshima aliyonyang'anywa na Kataliko. Kataliko ni mume wake wa zamani. Alimrudisha kwa baba yake baada ya miaka sita bila mtoto, na yeye mume mwenyewe hakupimwa, hata mlango wa hospitali hakuujua.

Kumbe watu walisoma zile rangi vizuri kuliko alivyodhani. Zamani mtu alitoa mahari kwa kubahatisha, mbuzi mzuri na mbaya pamoja. Sasa sayansi imewachagulia: wa njano wabaki nyumbani, wekundu wakatwe masikio kuficha rangi, waende kuoa. Na anayewapokea anawatoa tena kwenye ndoa nyingine. Miaka minane yote hiyo Kanyere alikuwa anawashikia wezi tochi.

Akamvuta Ézéchias, kaka yake mkubwa na baba wa Abigaïl, nyuma ya jiko. "Yaya, ile mbuzi yote ni tasa. Ni mimi niliandika. Banatudanganya."

"Ninajua," Ézéchias akasema, macho makavu. "Niliona masikio tangu banashuka ku camion. Nyamaza tu. Mwezi kesho kijana wetu Paulin anaoa kule Beni, ku Mulekera. Ndio hizi tutapeleka."

"Na bale ba Mulekera?"

"Iyo ni yao. Batu bote banafanya hivi. Unataka mutoto akose bwana juu ya masikio ya mbuzi?"

Kanyere alimtazama, na suti yake ya kanisa, na pete yake ya uzee wa parokia. Akaona heri mavi ya ng'ombe. Mavi unanawa yanaisha.

Akarudi uani. Abigaïl alisimama mlangoni kwa kitenge kipya, macho yote kwa shangazi yake. Kamba ikirudishwa, ndoa imekufa. Kanyere akaizungusha mkononi mwake mara mbili.

"Tumepokea," akasema, na vigelegele vikapanda. Akangoja vitulie. "Na kwa kuwa ni zetu, tunazichinja leo. Zote kumi na mbili. Wageni wakule, majirani wakule. Hapana mbuzi itatoka hapa kwa miguu yake."

Lusenge akacheka kicheko cha meno tu. Ézéchias akaweka mikono kichwani. Lakini nani atamkataza mwenye mali? Mathe, mchinjaji wa mtaa, akanoa kisu.

Kanyere alisimama karibu, alitaka kuona. Roho yake ilianza kutulia: kila mbuzi aliyeanguka ni utapeli mmoja umekwisha. Watatu wakaenda. Mathe akapasua tumbo la namba 17, akatia mkono, akasita.

"Docteur," akasema polepole, "kuya uone."

Walikuwa wawili. Kila mmoja ukubwa wa panya, bila manyoya, kwato laini kama kucha za mtoto mchanga, wamelala katika mfuko wao wakitoa mvuke. Huko Kirumba, mbali na boma la Musienene, namba 17 alikuwa amekutana na dume mwingine, aliye mzima kweli.

Kanyere akapiga magoti, akawachukua kiganjani. Makaratasi yote yale, miaka minane, na hakuna dume hata mmoja aliyempima. Harufu ya damu ikampanda kooni, akatapika hapo hapo mbele ya wakwe.

"Hizi zingine tuendelee?" Mathe akauliza, kisu bado mkononi.

"Ngoja," akasema. Akajifuta mdomo kwa mkono wenye damu, akamwendea mbuzi wa tano, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akampapasa tumbo.