Fundi Yuko Kazini

Siku ya kumi na moja ya eda yake, Zuhura alipanda juu ya kreti la soda akapima dirisha la sebuleni kwa futi ya kushonea. Lilikuwa dirisha pana, la chuma, kama madirisha mengi ya nyumba za zamani za mtaa wa Rosettenville, na komeo zake zilichomoza kwa ndani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la tairi. Wanaume wa pale walikaa juu ya tairi kuanzia asubuhi mpaka jioni, na kwa kuwa kazi zilikuwa chache, walitazama sebuleni kwa Zuhura.

Mume wake, Jumbe, alikuwa fundi wa blaindi. Kwa miaka tisa aliifungia kampuni moja ya Midrand mapazia hayo ya kisasa, ya kuvuta kwa kamba, katika nyumba za watu wenye mageti mawili na mlinzi kila geti. Nyumbani kwake dirisha lilikuwa na shuka. Kila wiki alimwambia mkewe kwamba Jumamosi ataleta blaindi, na kila Jumamosi kampuni ilimpigia simu. Kisha Jumanne moja, huko huko Midrand, ngazi iliteleza akiwa juu kwenye dirisha la ngazi za ghorofa, akafariki kabla gari la wagonjwa halijafika. Shuka la dirishani ndilo walilolishika juu ya maiti wakati wa kuosha, na halikurudi. Zuhura alibandika magazeti. Yalitosha kufika mabegani tu, kwa hiyo mjane alipita nyumbani mwake ameinama.

Kampuni ilimwandikia barua ya mistari mitatu. Ilisema Jumbe hakuwa mfanyakazi wao bali mtu aliyejitegemea, na kwamba Jumanne ile jina lake halikuwamo kwenye orodha ya kazi. Kwa barua hiyo, ofisi ya fidia haikukubali hata kumfungulia faili. Chini palikuwa na sahihi ya shahidi aliyedai hakumwona Jumbe siku ile. Shahidi mwenyewe alikuwa Twalib, msimamizi wa Jumbe, mtu wa Tanga kama yeye, aliyekula wali nyumbani humo sikukuu mbili mfululizo. Zuhura aliposoma jina hilo hakulia. Alikasirika, na hasira ile ilimkaa kifuani ikakataa kushuka.

Alichotaka kilikuwa karatasi moja tu, inayosema kwamba mume wake alifia kazini. Lakini karatasi haikuja, na wanaume wa tairi walikuwepo kila siku, basi akaanza na dirisha.

Jocelyne, Mkongo aliyepanga chumba cha uani, alikwenda kwenye maduka ya Wachina kwa niaba yake na kumtumia picha kwa simu. "Mama Zuhura, hii ya vibao iko na bei muzuri," alisema kwenye sauti aliyorekodi. "Na hii nyeupe ya kitambaa pia. Chagula mbio, huku watu iko mingi."

Zuhura alikuwa bado akilinganisha picha hizo pale jua lilipozama na Jumbe akaingia. Alivaa ovaroli yake ya kazini, ile ya bluu, na mabegani palikuwa na vumbi la ukuta. Alitoa salamu, akamtazama mkewe juu ya kreti.

"Usipime mara moja," alisema. "Pima juu, katikati na chini, kisha ushike kipimo kidogo kuliko vyote. Na blaindi ikae nje, ukutani. Ukiitia ndani ya fremu itanasa kwenye komeo."

"Ipi basi?"

Jumbe aliangalia simu. Ile ya vibao alisema ni plastiki nyembamba, mwaka mmoja tu jua litaikausha na vibao vitakatika. Ile nyeupe ukiwasha taa watu wa nje wanaona kivuli chako chote. "Chukua hii ya mwisho pichani, ya kijivu, ya kitambaa kizito kisichopitisha mwanga. Ni ghali kidogo, lakini utasimama wima nyumbani kwako."

"Na nani ataifunga?"

"Mimi. Jumamosi."

Zuhura alimwambia akae kwanza. Jumbe akasema hawezi, kule Midrand ameacha madirisha mawili bila kitu na mwenye nyumba jua linampiga usoni kila asubuhi. Akatoka. Jocelyne, aliyekuwa akirudi na mkoba wake mtupu, alipishana naye getini.

"Papa Jumbe amekonda," alisema alipoingia. "Kazi ya ile kampuni iko mubaya sana."

Yale madirisha mawili yalifungwa blaindi jioni ile. Mwenye nyumba aliandika kwenye tovuti ya kampuni kwamba fundi alikuja saa zisizo za kawaida, hakuongea, hakuomba maji, na kazi yake ni safi. Alimpa nyota tano. Siku mbili baadaye Twalib alikuja Rosettenville. Kwa kuwa mjane hakai na mwanamume asiye maharimu wake, alisimama nje na kuongea na mlango kwa adabu kubwa, ilhali Zuhura alionekana kwenye dirisha la pembeni, kuanzia mabega kwenda juu.

"Shemeji, kampuni imefurahi," aliuambia mlango. "Wanasema kama Jumbe bado ana nguvu, wao wana kazi. Simu yake unayo wewe. Nitakuwa natuma meseji alasiri, akija magharibi aikute."

"Na barua yangu?"

"Barua hiyo, shemeji, ni mambo ya ofisini. Mimi ni mtu mdogo."

"Uliishika ngazi, Twalib."

Twalib aliuambia mlango kwamba Mungu ampe subira, akaondoka.

Tangu hapo meseji hazikukatika. Jumbe aliingia magharibi, akasoma anwani, akatoka. Jumatatu kulikuwa na nyumba mbili, Alhamisi ghorofa nzima ya ofisi. Jumamosi ya kwanza alikwenda mtaa wa Observatory kwa mzee ambaye blaindi yake ilivutwa na paka. Jumamosi ya pili vilevile kulikuwa na kazi. Zuhura alijaribu kuificha simu ndani ya pipa la unga, lakini Jumbe alikuja, akasimama kidogo mlangoni kama mtu anayesikiliza, kisha akaondoka kuelekea nyumba aliyotakiwa. Miaka tisa ya kuitwa ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mifupa. Hata kufa hakukumpa siku ya mapumziko, na mkewe alipata dakika tatu tu za mume, zile za kusoma meseji.

Ndipo Zuhura alipoona la kufanya. Alimwambia Jocelyne aachane na Wachina.

"Nitanunua kwa kampuni yenyewe."

Jocelyne alipiga yowe. Kwa kampuni blaindi ile ile ya kijivu ilikuwa na bei mara tatu. Rambirambi zote alizobakiwa nazo Zuhura zingetosha nusu ya dirisha.

"Nusu inatosha," Zuhura alisema. "Wakiuza, wanatuma fundi."

Alipiga simu. Binti wa mauzo alimuuliza vipimo, Zuhura akampa upana wa juu, wa katikati na wa chini, akamwambia ashike mdogo. Binti alimsifu, akasema wateja wengi hukosea hapo. Alimweleza pia kwamba huduma ya kufunga ni bure kabisa. Zuhura alilishikilia neno hilo "bure" mdomoni kwa muda, akaona akilijibu atatukana, akakata simu.

Jumatano, jua lilipozama, mlango uligongwa. Siku nyingine zote Jumbe aliingia bila kubisha, lakini siku hiyo alikuwa kazini, na kazi hakuwahi kuifanyia mchezo. Alikuwa na ngazi begani, drili mkononi, na viatu vyake alivifunika kwa mifuko ya plastiki ili asichafue sakafu.

"Mteja Zuhura?" aliuliza, akisoma kadi ya kazi.

"Ndiye mimi."

"Dirisha moja, nusu."

"Nusu. Karibu."

Alisimamisha ngazi, na Zuhura akaishika. Aliishika kwa mikono miwili, miguu ameikita, saa nzima, mpaka viganja vikamuuma. Alijua vyema kwamba mtu huyu hawezi kufa mara ya pili, lakini mikono haikukubali kulegea. Vumbi la zege lilimwangukia kwenye ukaya mweupe aliojitanda kichwani. Juu yake alisikia mume wake akipumua kwa pua kama alivyozoea akitoboa ukuta, na ilimuuma sana kwamba saa hiyo moja ya ndoa yake alilazimika kuinunua.

"Twalib aliishika hivi?" aliuliza.

"Aliishika mpaka simu yake ilipoita."

"Wanasema hukuwa kwenye orodha."

"Kadi ya siku ile nimeiandika mimi mwenyewe," Jumbe alisema, akikaza parafujo. "Iko ofisini. Kila kadi iko ofisini."

Alishuka, akavuta kamba. Blaindi ya kijivu iliteremka ikaziba upande wa kushoto wa dirisha bila kupinda hata kidogo. Zuhura alisogea nyuma ya blaindi hiyo, akanyoosha mgongo, akasimama wima. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Jumbe alitabasamu, akampa kadi asaini.

Kwenye kadi palikuwa na nafasi ya maoni ya mteja. Zuhura aliandika kwa herufi kubwa kwamba fundi huyu, Jumbe, alifariki katika kazi ya kampuni hii Jumanne fulani, saa fulani, nyumba fulani, ngazi ikiwa mikononi mwa msimamizi wao, na kwamba yeye mjane wake anadai barua. Akasaini. Jumbe naye akasaini upande wa fundi, akaikunja kadi, akaitia mfukoni, kwa sababu kadi zote lazima zifike ofisini. Sasa, Zuhura alijiambia, wamejifunga wenyewe. Hawawezi kuendelea kusema hawamjui mtu huyu.

Na kweli hawakuendelea. Baada ya wiki mbili Twalib alirudi na barua, akasimama mbele ya mlango akaisoma. Kampuni ilikubali sasa kwamba Jumbe ni fundi wake, na fundi mzuri, kwa miaka tisa. Ilikubali, kwa ushahidi wa kadi aliyoisaini mteja mwenyewe, kwamba Jumatano ile Jumbe alikuwa kazini, na kwamba amekuwa kazini kila siku ya kazi tangu Jumanne inayotajwa. Kwa hiyo madai kwamba alifariki hayana msingi na suala hili limefungwa. Kampuni ilimshukuru kwa maoni yake, na ilimpa punguzo la asilimia tano iwapo angependa kumalizia nusu iliyobaki.

Zuhura alikwenda upande wa kulia wa dirisha, uliokuwa wazi, akalichana gazeti kuanzia juu mpaka chini. Wanaume wa tairi wakainuka kutazama.

"Twalib, acha kuongea na mbao. Nitazame mimi."

Twalib aligeuka taratibu, macho chini.

"Kama yuko kazini, mshahara wake uko wapi?"

"Shemeji, mfu halipwi. Wahasibu walimtoa kwenye malipo mwezi ule ule. Cheti cha kifo wanacho."

"Kwa hiyo kwa wahasibu amekufa."

"Ndiyo, shemeji."

"Na kwa fidia yuko hai."

"Ndivyo walivyoandika."

"Na wewe ukapewa barua hii uje unisomee, ukaisoma. Huna haya!"

"Nina watoto wanne, shemeji," Twalib alisema. Alijipangusa jasho, akaangalia saa, akaitoa simu yake. Ilikuwa alasiri na alikuwa na meseji ya kutuma. Ndani, kwenye meza, simu ya Jumbe ikalia.

Eda ya Zuhura ilitimia miezi minne na siku kumi. Jocelyne alimletea nguo ya rangi ya machungwa na kumpaka wanja. Siku iliyofuata mjane alipanda teksi mbili mpaka Midrand, barua zote mbili mkobani, ile inayosema mumewe hakuwa kazini na ile inayosema hakutoka kazini. Jengo la kampuni lilikuwa la vioo, ghorofa tatu, na kila kioo kilikuwa na blaindi iliyonyooka, na katika unyoofu huo Zuhura aliutambua mkono wa Jumbe. Alijikuta anapita mbele ya vioo hivyo ameinama. Akajinyoosha, akaingia.

Mapokezini alikaa msichana mwenye kucha ndefu. Zuhura alimwambia amekuja kwa ajili ya Jumbe, fundi.

"Jumbe wetu?" msichana alisema, uso umechangamka. "Yuko kazini. Siku hizi ndiye fundi wetu bora, picha yake ile pale."

Picha ilikuwepo ukutani, ndani ya fremu, Jumbe na ovaroli yake ya bluu. Mezani kulikuwa na kitabu cha wageni. Msichana alishika kalamu akauliza jina, akaliandika. Akauliza mgeni ni nani kwa fundi.

"Mjane wake," Zuhura alisema.

Msichana aliandika hivyo bila kuinua macho. Akamwonyesha kiti karibu na dirisha na kumwambia asubiri, fundi huwa anarudisha kadi jioni.