Mimi Sitoboi Paa

Mimi Nehemia sitoboi paa. Miaka ishirini na mbili natengeneza bodi za magari ya utalii hapa Karatu, na gari nililofunga mimi likirudi kutoka mbuga ya Ndutu, mgeni anashuka na shati jeupe vilevile alivyopanda. Kwa nini? Kwa sababu kila tundu unalotoboa ni mlango wa vumbi, na siku ya mvua ni mlango wa maji. Mafundi wengine wanatoboa ovyo halafu wanaisingizia barabara.

Kwa hiyo shemeji yangu Melkizedek aliponiita nimfungie vyuma kwenye sitaha ya mashua yake, sikuona cha kuniumiza kichwa. Melkizedek ni mume wa dada yangu Aikande. Ni dereva mstaafu wa utalii, na kwa miaka sita alikuwa akijenga mashua ya mbao yenye tanga nyuma ya nyumba yake, mahali ambapo maji ya karibu ni ya bomba, tena kwa mgao. Watu walimcheka mpaka wakachoka. Sasa mashua ilikuwa tayari, iko juu ya trela, na Jumamosi ingepelekwa Ziwa Babati. Vilibaki vyuma tu: puli mbili, na vile vya kufungia kamba za tanga.

Melkizedek alikuwa na kitabu. Akakifungua, akasoma kwa upole. "Shemeji, hapa wanasema bolti ipite sitaha nzima, itokee chini, halafu huko chini uweke kipande cha ubao mgumu na nati."

"Itokee chini? Yaani nitoboe mashua? Mashua, shemeji?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Huyo aliyeandika amewahi kula vumbi la Ndutu?"

Akafunga kitabu. Mimi nikachukua skrubu fupi, nikazizamisha kwenye mbao bila kutokea upande wa pili, nikazungushia silikoni, nikapangusa kwa kidole. Kazi safi! Chini ya sitaha hakuna hata alama. Nikawaita wote waje waone. Dada yangu akasema "hongera, kaka," akarudi jikoni. Winnie, binti yangu, naye akatazama skrubu zilizobaki, akaondoka. Huyu ndiye angekaa mbele siku ya Jumamosi, akishika kamba ya tanga dogo, iliyofungwa kwenye chuma cha kwanza kabisa nilichofunga. Winnie hajui kuogelea. Ukoo wetu mzima hakuna anayejua. Sisi ni watu wa mlimani.

Alhamisi asubuhi nikarudi kuchukua bisibisi niliyoisahau, nikamkuta Olais. Olais ni mfugaji wa Nainokanoka, rafiki wa Melkizedek tangu enzi za safari, na akishuka mnadani hulaza mifugo yake pale uani. Siku hiyo alikuwa na ndama dume mmoja, kamfunga kwenye mashua. Kwenye chuma changu!

"We Olais! Hiyo ni mashua, si zizi!"

Kabla hajajibu, ndama akaona majani upande wa pili wa ua. Sikiliza vizuri: hakushtuka, hakukurupuka. Alitaka majani tu. Akapiga hatua mbili, kamba ikakaza, na chuma kikang'oka na skrubu zake zote nne kama jino la mtoto. Ndama akaenda kula, chuma kinaburuzika nyuma yake.

Olais akashika kichwa. "Pole sana, fundi. Huyu ng'ombe hana adabu kabisa."

Melkizedek naye akatoka ndani. "Ni ng'ombe, shemeji. Nani angemzuia ng'ombe? Wewe rudishia tu vilevile."

Njia ya kukwepa lawama ndiyo hiyo, wamenifungulia wenyewe. Nikaokota skrubu moja. Ilikuwa fupi kuliko kidole cha mtoto. Nikatazama mahali atakapokaa Winnie, nikaona upepo wa Babati unavuta kamba, chuma kinang'oka, na mwanangu anaifuata kamba majini. Niliogopa, sifichi. Nikakaa juu ya gurudumu la trela.

"Si ng'ombe," nikasema. "Ni mimi. Kitabu kilisema kweli. Tafuteni bolti, nitatoboa."

Nilitegemea wabishe kidogo, angalau kwa heshima. Hakuna aliyebisha. Aikande akatoka jikoni na bolti ndefu, nati, washa, na vipande vya mninga vilivyokwisha kukatwa kwa kipimo. Vyote kwenye sinia.

Nikamtazama Olais. Anatazama viatu vyake vya tairi.

"Mlimfunga hapo makusudi?"

"Tungekuambiaje, kaka?" dada yangu akasema. "Ungekasirika."

"Mimi? Nikasirike?" Kwa jinsi nilivyopaza sauti, hata ndama aliacha kula. "Nani aliyeleta huu upuuzi wa ng'ombe?"

Melkizedek akajibu taratibu.

"Ng'ombe ni wazo langu, baada ya kuongea na Winnie. Aliziona skrubu siku ileile. Nikamwambia amweleze baba yake. Akasema hapana, atapanda hivyohivyo. Akasema afadhali maji kuliko hasira za baba."

Nikaomba drili. Niliomba kwa upole, wote wakashtuka.